Wenye Kigoda na Wenye Mlima: Ukoo wa Watwa na Cheo cha Mwene Katika Ufipa

Watwa ni ukoo wa kifalme uliotawala Ufipa kwa vizazi vingi kabla ya Wajerumani kufika, na uliendelea kushika cheo cha Mwene, yaani mfalme, kwa nguvu iliyokuwa ikipungua, hadi Tanganyika ilipopata uhuru. Wasichanganywe na Watwa wa misituni wanaokaa Kongo na nchi za Maziwa Makuu. Watwa wa Ufipa walikuwa wenye ng'ombe, wapokea kodi na waamuzi wa kesi. Nchi yao ni ile nyanda ya juu inayoporomokea Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Sumbawanga imekaa juu yake, karibu na milima ya Mbizi, kwenye baridi ambayo mgeni anayetoka pwani huikumbuka kuliko kitu kingine chochote.

Hata hivyo Watwa hawakuwa wa kwanza kutawala hapo, na wao wenyewe hawakudai hivyo. Masimulizi ya Ufipa yanaanza na mtu mwingine, Ntatakwa, ambaye inasemekana alishuka kutoka mbinguni wakati dunia ilipoanza. Makao yake yalikuwa Milansi, kijiji kilicho chini ya mlima Itwelele. Ntatakwa alikuwa mwindaji, na siku moja alipojiandaa kwenda porini alimwachia mkewe onyo: wageni watakuja, na wakija, asiwape kigoda cha kifalme wakikalie. Akaondoka. Wageni wakaja kweli, wanawake watatu kutoka nchi ya mbali. Mke akawapa pa kukaa, wakakataa. Walitaka kigoda chenyewe. Mwishowe mke akakitoa, na mkubwa wao akakikalia.

Ntatakwa aliporudi alikuta nchi imekwisha kuchukuliwa. Hakukuwa na vita. Masimulizi yanaeleza kwamba walipanda mlimani, na kutoka juu wale wanawake wakaitazama nchi iliyotandazwa chini yao wakaidai kuwa yao. Ntatakwa alikubali, ila akabakiza kitu kimoja: Milansi na mlima wake. Wanawake wakaondoka kwenda kujenga kwingine, na kwao ndiko wafalme wa Watwa wanakohesabu asili yao. Watu wa Milansi wakabaki na uzee, yaani heshima ya aliyetangulia na kazi ya kushughulika na mizimu ya nchi.

Kisa hiki kimesimuliwa kwa namna nyingi, na kila msimulizi huongeza na kupunguza. Mtaalamu wa Uingereza Roy Willis, aliyeishi na Wafipa katika miaka ya 1960 na kuandika vitabu kadhaa juu yao, alikifanya kuwa ufunguo wa historia nzima ya Ufipa. Mwaka 1967 alichapisha makala iliyoueleza uhusiano wa nyumba hizo mbili kwa mfano wa mwili: Milansi ni kichwa, Watwa ni viuno. Kichwa kina akili na ukubwa, viuno vina nguvu na uzazi, na mwili haukamiliki kwa kimoja. Wapo wanaoona mfano huo umevutwa mno. Lakini jambo lililo chini yake haliwezi kukwepwa: mamlaka ya Ufipa yaligawanywa sehemu mbili tangu mwanzo, na aliyenyang'anywa kigoda hakufukuzwa. Aliachwa palepale, karibu, akiwa shahidi wa jinsi kigoda kilivyopatikana.

Hapo ndipo Ufipa ilipotofautiana na nchi nyingi zenye masharifu na makabaila. Huko Uingereza, kwa mfano, cheo cha ukabaila hutolewa na mfalme, hushikamana na jina la mahali, na kwa kawaida hurithiwa na mtoto wa kiume aliye mkubwa. Zamani nyumba iliyoshindwa vitani iliweza kupoteza cheo na mashamba, na cheo hicho kikapewa mwingine kana kwamba hakikuwahi kuwa na mwenyewe. Askofu Mkuu wa Canterbury ndiye anayemvika mfalme taji, ila yeye mwenyewe huteuliwa na mfalme. Milansi haikuteuliwa na Mtwa yeyote. Heshima yake ilitangulia ya Watwa, na Mtwa aliyetaka kutawala kwa amani ilimbidi aiheshimu. Wala cheo cha Mwene hakikumwendea mzaliwa wa kwanza kwa sheria isiyopindika. Waliostahili walikuwa wengi, na wengi walikitaka. Hilo lilikuja kuwagharimu.

Jambo jingine la kuangaliwa katika asili hii ni kwamba waasisi walikuwa wanawake. Koo nyingi za kifalme katika Afrika Mashariki husimulia juu ya mwindaji au shujaa wa kiume aliyetoka mbali akaja kuoa binti wa wenyeji. Ufipa ina mwindaji, lakini yeye ndiye mwenyeji, na ndiye aliyepoteza nchi. Wageni walioshika mamlaka ni wanawake, na aliyewakabidhi ni mwanamke.

Utajiri uliowategemeza Watwa ulitoka ardhini kwa njia mbili, jembe na chuma. Nyanda ya Ufipa ina miti michache, kwa hiyo kilimo cha kukata na kuchoma msitu, kilichoenea kwa majirani wa kusini, hakikuwafaa. Wafipa walibuni njia yao. Mvua zinapoelekea kuisha, mkulima hukata nyasi pamoja na udongo wa juu, akazigeuza na kuzirundika kuwa matuta makubwa ya duara, nyasi zikiwa ndani. Nyasi huoza humo na kuwa mbolea. Tuta hupandwa mazao kama maharage, kisha msimu unaofuata hubomolewa na kusambazwa, ulezi ukapandwa juu yake. Mtu anayesafiri leo kutoka Sumbawanga kuelekea Namanyere au Mpui bado anaweza kuyaona matuta hayo yamepangana mashambani. Kilimo cha namna hiyo kinamfanya mtu akae mahali pamoja, na watu waliokaa pamoja katika vijiji vikubwa ni rahisi kutozwa ushuru na kuhukumiwa.

Chuma kilikuwa fahari zaidi. Tanuru la Kifipa, lililoitwa ilungu, wingi wake malungu, lilijengwa kwa udongo wa kichuguu na liliweza kufikia kimo cha mita tatu, zaidi ya urefu wa mtu aliyeinua mkono. Chini lilikuwa na milango na vishimo vya kupitishia hewa pande zote. Halikuwa na mivukuto. Wafuaji walipanga ndani mkaa na mawe ya chuma kwa tabaka, wakawasha moto, na urefu wa tanuru wenyewe ukavuta upepo. Moto uliwaka kwa siku kadhaa. Kilichotoka hakikuwa chuma safi bado, hivyo kilipelekwa kwenye tanuru dogo, na huko ndiko mivukuto ilikotumika, mpaka takataka zilipotoka na chuma kikawa tayari kwa nyundo.

Kazi hiyo ilikuwa na miiko yake. Fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa kilichoitwa intangala, na bila dawa hizo hakuna aliyeamini kwamba jiwe lingeyeyuka. Tanuru lilipambwa na kutendewa kama bibi harusi, na mafundi walikaa kambini mbali na wake zao mpaka kazi iishe, maana tanuru lilihesabiwa kuwa mke aliyeko kazini. Mwaka 1937 ofisa wa Kiingereza, Greig, aliandika maelezo ya uyeyushaji huo kwa kina katika jarida la Tanganyika Notes and Records, wakati ambapo majembe ya kiwandani yalikuwa yamekwisha kuua soko la mafundi. Mabaki ya malungu yamesimama hadi leo sehemu mbalimbali za Ufipa, na wanaakiolojia, akiwemo Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameyafanyia utafiti.

Jembe lililotoka humo lilikuwa chombo cha kazi, na lilikuwa mali vilevile. Lilitolewa mahari, lililipwa fidia, lilipelekwa kwa Mwene kama ushuru, na lilisafiri kwa wafanyabiashara mbali nje ya Ufipa. Watu wa bonde la Rukwa nao walilima pamba na kufuma nguo nzito, na nguo hizo zilikuwa pia sehemu ya mali iliyokwenda ikulu. Kwa hiyo Mwene hakutegemea vita kwa mapato yake. Alitegemea nchi iliyotulia, yenye watu walio na muda wa kulima, kufua na kufuma. Inafaa kukumbuka pia kwamba masimulizi yanaihusisha sanaa ya chuma na Milansi. Mtwa alipokea jembe, lakini ujuzi wa jembe ulihesabiwa kuwa wa wale waliomtangulia.

Ukoo wenyewe haukubaki mmoja. Ugomvi wa urithi uliwagawa Watwa matawi mawili, na matawi yakawa falme mbili: Nkansi, iliyoshika sehemu kubwa ya kaskazini na magharibi, na Lyangalile, iliyoshika kusini na mashariki. Kila upande ulikuwa na Mwene wake, na kila upande ulijiona ndio wenye haki. Mpaka ulipita katika nchi iliyokuwa na lugha moja, mila moja na mara nyingi familia zilezile, na vita baina ya ndugu hao viliendelea kwa vipindi katika karne ya 19.

Katika hali hiyo ya mgawanyiko ndipo Wangoni walipoingia. Zwangendaba alikuwa amevuka mto Zambezi tarehe 20 Novemba 1835, siku ya kupatwa kwa jua, akiongoza watu waliokimbia machafuko ya kusini mwa Afrika, na miaka ya 1840 msafara wake uliokuwa umekua kuwa taifa zima ulifika Ufipa. Ng'ombe wa nyanda hii waliwavuta. Zwangendaba alifia Mapupo, Ufipa, karibu na mwaka 1848, na kifo chake kilifanya kwa Wangoni kile ambacho urithi ulikuwa umekwisha kuwafanyia Watwa: warithi waligombana na taifa likasambaratika. Waliokwenda kaskazini wakajulikana kama Watuta huko Unyamwezi. Wengine walishika njia ya mashariki, na wengine wakarudi kusini hadi nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Ufipa iliachwa imejeruhiwa lakini ipo. Vijiji vilijizungushia maboma na mahandaki, na Watwa wakarudi kwenye vigoda vyao.

Jina la Mtwa lililofika mbali kuliko yote ni la Kapufi, Mwene wa Nkansi. David Livingstone, alipopita upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika mwaka 1872 katika safari yake ya mwisho, alimtaja Kapufi kuwa mkuu wa Wafipa. Mwaka 1880 Mskoti Joseph Thomson alikatisha nchi ya Kapufi, na katika safari hiyohiyo aliliona Ziwa Rukwa akalipa jina la mfalme Leopold wa Ubelgiji, jina ambalo halikudumu. Thomson alivutiwa na jambo lililo muhimu kwa historia hii: aliwakuta watu wakulima, wapole, wanaojishughulisha na mashamba yao kuliko silaha.

Utulivu huo haukuwa wa kuzaliwa nao. Ni hao hao ambao miongo michache tu nyuma walikuwa wakipigana, tawi la Nkansi na tawi la Lyangalile. Willis aliona humo badiliko la makusudi la jamii nzima: ugomvi ulihamishwa kutoka kwenye mkuki kwenda barazani, ambako maneno, ushahidi na faini vilitumika, na mtu mwenye ulimi mzuri na subira akapata heshima kuliko mpiganaji. Tathmini hiyo ina uzito, kwa kuwa inaeleza kwa nini Mwene aliweza kuishi kwa ushuru wa majembe na nafaka. Hata hivyo amani ya Kapufi ilikuwa na upande wa giza. Ufipa ilikuwa kwenye njia za misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliovuka ziwa kutoka Kongo, na Kirando ilikuwa mojawapo ya bandari zao. Pembe za ndovu zilipita, na pamoja nazo walipita watu waliofungwa. Chakula kilichowalisha wasafiri hao kililimwa kwenye yale matuta.

Lyangalile haikuwa na bahati ya kutulia hivyo. Katika miaka ya 1880 iliangukia mikononi mwa Kimalaunga, mpiganaji mwenye bunduki aliyekuwa na jeshi lake mwenyewe, akaisumbua nchi mpaka Wajerumani walipomshinda miaka ya 1890. Kwa Watwa wa Lyangalile ujio wa Wajerumani ulikuwa kwa hiyo ukombozi na utumwa kwa wakati mmoja: walirudishiwa nchi na mtu ambaye tangu hapo angeweza kuwanyang'anya.

Wamisionari walikuwa wametangulia. Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, iliyoasisiwa na mfalme Leopold, ilijenga kituo Karema mwaka 1879, na mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Kutoka ufukweni walipanda hadi nyandani wakafungua misheni, kama ile ya Kate. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza Kanisa la eneo hilo kutoka mwaka 1891 hadi kifo chake mwaka 1917, aliandika kitabu kikubwa kuhusu watu wa kando ya ziwa kilichotoka mwaka 1913, na kurasa zake nyingi ni za Wafipa. Mapadre walielewa upesi kwamba njia ya kuingia Ufipa inapita ikulu. Katika zama za Wajerumani Nkansi ilikuwa na mtawala mwanamke, Adolfina Unda, na jina lake la ubatizo linaonyesha jinsi nyumba ya kifalme na Kanisa zilivyokwisha kukaribiana. Nchi iliyosimulia kwamba ukoo wake wa kifalme ulianzishwa na wanawake haikuhitaji kuelezwa jinsi mwanamke anavyokaa juu ya kigoda.

Serikali ya Kijerumani iliweka makao ya wilaya Kasanga, kusini kabisa mwa ziwa, ikapaita Bismarckburg. Kutoka hapo Mwene aligeuzwa kuwa wakala. Kodi ya kibanda iliyoanza mwaka 1898 ilidai fedha mahali ambapo Mwene alikuwa akipokea majembe na ulezi, na mwanamume asiyekuwa na fedha alilazimika kwenda kuitafuta, mara nyingi kwenye mashamba ya mbali. Ushuru wa zamani ulirudi kwa watu kwa njia ya chakula wakati wa njaa, pombe wakati wa kazi na hukumu wakati wa ugomvi. Kodi mpya ilishuka kwenda Kasanga na haikurudi. Hilo, kuliko bunduki, ndilo lililokiondolea cheo maana yake, kwa sababu Mwene alibaki na kazi ya kudai bila uwezo wa kutoa.

Mwezi Juni 1916 askari wa Kiingereza kutoka Rhodesia ya Kaskazini waliiteka Kasanga. Chini ya Waingereza makao ya wilaya ya Ufipa yalihamishiwa nyandani, na mwishowe yakawa Sumbawanga. Gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa kupitia wenyeji, uliotungiwa sheria mwaka 1926, Watwa walipata nafasi mpya. Nkansi na Lyangalile zilitambuliwa kuwa mamlaka za wenyeji, zenye mahakama, hazina na makarani. Mwene alipewa mshahara. Mpaka ambao zamani ulisogea kufuatana na nguvu za ndugu wawili ukachorwa kwenye ramani, ukawa hausogei tena.

Wengine wamesema kwamba Waingereza waliwarudishia Watwa heshima yao. Ukweli ni kwamba walirudisha jina la cheo na kuacha muundo wake. Milansi haikuwa na mahali katika mpango wa Cameron. Haikuwa na eneo la kutosha kuitwa mamlaka, haikukusanya kodi, na uzee wake haukuwa kitu kinachoweza kuandikwa katika daftari la hazina. Mwene sasa alithibitishwa na Mkuu wa Wilaya. Mtu aliyetaka kujua nani ana haki ya kigoda alikwenda kuuliza ofisini Sumbawanga, wakati mzee wa Milansi alikuwa karibu, chini ya mlima wake.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 machifu walikuwa wamekwisha kuonekana na wengi kama sehemu ya serikali ya kikoloni, na mwaka 1963 sheria ilifuta mamlaka yao Tanganyika nzima. Ufipa haikufanya ghasia kwa ajili ya Watwa. Watu waliokuwa wamezoea kupeleka kesi barazani na kulipa kodi ofisini waliendelea kufanya hivyo mbele ya viongozi wengine. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na eneo la Nkansi ya zamani limeacha jina lake kwa wilaya ya Nkasi, yenye makao yake Namanyere. Milansi nayo, kwa tahajia ya Milanzi, ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, yenye diwani anayepigiwa kura.

Masimulizi ya Ntatakwa, ya wale wanawake watatu na ya falme mbili yamehifadhiwa zaidi katika vitabu vya Kiingereza na Kifaransa, kwa sababu walioyaandika kwa bidii walikuwa wageni. Wazee walioyasimulia katika miaka ya 1960 wametutoka, na watoto wao nao sasa ni wazee. Shule na parokia za Rukwa, vyuo vya nchi hii na halmashauri ya manispaa yenyewe wana wajibu wa kuyakusanya kwa Kifipa na Kiswahili, kutoka pande zote mbili za mpaka wa kale na kutoka Milanzi, wakati bado wapo wa kuulizwa.